Mwashi Aliyerudisha Daraja la Balnadrum

Ukungu bado umelala juu ya mto, na Elspeth Mutch amepiga magoti darajani, mwiko mkononi, akishindilia chokaa kati ya mawe ya ukingo. Akimaliza jiwe hulipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, kisha anahamia lingine.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane ndiye mwashi wa parokia ya Balnadrum, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Kanisa, kinu cha nafaka, nyumba ya mchungaji na daraja hili, vyote vinalindwa na sheria ya majengo ya kale. Hubadilishi hata dirisha bila kibali. Kuta nyingi za majengo hayo zimepita mikononi mwake, na mikono yenyewe inaonyesha: vidole vimepinda, ngozi imekauka kwa chokaa.

"Kipindi cha baridi sina kazi," anasema. "Chokaa haipatani na jalidi. Nakaa ndani mpaka mume wangu ananichoka."

Novemba iliyopita mto ulifurika, ukabomoa nusu ya tao la daraja. Halmashauri ikalifunga.

Aliyeonja uchungu wake ni Archie Rennie, mfugaji. Mama yake, Jessie, anayekaribia miaka tisini, anaishi ng'ambo, na kila adhuhuri Archie alivuka kwa miguu kumpelekea supu. Sasa ikabidi azunguke kwa gari kupitia mjini.

Siku moja dukani, mbele ya watu, alimgeukia Elspeth.

"Nyie na mawe yenu. Mama yangu anakunywa supu baridi kwa sababu mnalinda kifusi. Wangemwaga zege, yakaisha."

"Na hilo zege unalo kwenye gari?" Elspeth akamjibu. "Maana mimi mawe ninayo. Yako mtoni. Njoo na trekta Jumamosi tuyatoe."

"Nina kazi zangu, mama."

Jumamosi ilipofika, halmashauri ikiwa imetoa kibali, Elspeth aliingia majini na mumewe, Doug, na majirani wachache. Maji yalikuwa na baridi ya kukata miguu. Kabla ya saa sita wakasikia mngurumo. Archie alikuwa anashuka bondeni na trekta, mnyororo begani. Hakusalimia.

"Lipi kwanza?" akauliza.

Majira ya kuchipua Elspeth alijenga tao upya juu ya fremu ya mbao, kila jiwe la zamani likirudi kazini. Siku ya kuondoa fremu, parokia nzima ilikuja kusimama ukingoni mwa mto.

"Ukikosea ukuta, unabomoa unaanza tena," anasema. "Ukikosea tao, linabomoka lenyewe, na watu wanaangalia."

Doug aligonga kabari ya mwisho iliyoshikilia fremu, ikatoka. Tao likashuka kidogo, jiwe moja likatoa mlio mzito. Watu wakarudi nyuma. Elspeth hakusogea.

"Limefanya nini?" Archie akanong'ona.

Elspeth alisubiri, akasikiliza. Hakuna jiwe lililolia tena.

"Limekaa," akasema, kisha naye akaketi palepale kwenye nyasi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki chache baadaye njia ya juu ya daraja ilikuwa tayari. Jessie hakungoja kuletewa chochote. Alivuka mwenyewe, fimbo mkononi, mwanawe akimbembeleza ashike mkono wake.

"Niache, Archie. Nililivuka hili nikiwa na wewe tumboni, na ulikuwa mzito kuliko sasa." Alipomfikia Elspeth akampa keki ya matunda iliyofungwa kwa kitambaa. "Kula, binti. Umekonda."

Kwa sasa umebaki ukingo huu tu, na kibali cha kazi nyingine tayari kimetoka: nyumba ya njiwa, mnara mnene wa mawe nyuma ya nyumba ya mchungaji. Paa lake lilianguka kabla Elspeth hajazaliwa. Baadhi ya majirani wangependa uwe mahali pa kuonyesha picha. Yeye ana nia nyingine, na Archie ameahidi trekta bila kuombwa.

"Nitarudisha paa kabla ya jalidi," anasema, akichota chokaa nyingine. "Halafu naleta njiwa. Picha ziende kwingine. Humo ndani nataka mayai, kelele na mavi."