Watu Watatu na Muhuri Mmoja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kitandani hadi kiti cha plastiki naita safari. Ndiyo maana niliposoma kwenye simu kwamba jumuiya ya programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa bure, inatafuta walezi wa vikundi, nilijiandikisha kabla chai haijapoa. Kazi isiyohitaji viatu.

Utaratibu wao ni rahisi. Watu wachache wanakutanishwa kwa wiki sita, wanamaliza jambo moja, wanaachana. Mlezi anajibu maswali yao na kuwakumbusha kwamba siku zinakwenda. Kikundi changu kilikuwa na mwalimu wa Tororo, fundi simu wa hapa Busia, na dada mmoja mshonaji wa ng'ambo ya mpaka. Walipewa programu inayosoma ujumbe wa simu kwa sauti. Kiswahili ilikisoma kama mtalii aliyeumwa na nyuki, kwa hiyo walitakiwa kusikiliza maneno mia sita na kuandika kila moja litamkwe vipi.

Jambo hilo nililichagua mwenyewe kwa sababu ya shangazi yangu wa Nagongera. Macho yake yamefifia, na ujumbe wa wanawe anasomewa na jirani. Jirani ana macho mazuri, na mdomo mzuri zaidi. Ujumbe ukiingia asubuhi, kufikia mchana soko zima limeshaujadili na kupitisha maazimio.

Basi, mkutano wa kwanza tuliufanya kwa simu. Mwalimu akauliza mwenyekiti ni nani. Nikasema kikundi cha wiki sita hakihitaji mwenyekiti. Kwa jinsi walivyoguna ungedhani nimemtukania mtu mama yake. Huku kwetu watu watatu wakikaa pamoja bila mwenyekiti, hao wanasengenya tu. Wakachaguana: mwalimu mwenyekiti, dada katibu, fundi mweka hazina wa hazina isiyokuwepo. Nikabaki mimi, mwanachama wa kawaida pekee, natawaliwa na kamati nzima.

Wiki nne zikaishia kwenye katiba. Fundi akaleta muhuri wa mpira, wa duara, mzuri kweli. Nilipouliza ni maneno mangapi yamefanyiwa kazi, katibu alinijibu kwamba swali langu litaingizwa kwenye ajenda. Nami nikawaandikia wakubwa wa jumuiya kwamba kikundi kinaendelea vizuri. Kukemea watu kunataka mtu asimame.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, nikampigia shangazi kumwandaa kwa habari mbaya. Alisikiliza yote, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kijijini, "Watu nakuja kunilimia muhogo, nachagua mwenyekiti kwanza?"

"Hapana, Shangazi."

"Leta hao hapa Jumamosi. Na wewe vaa viatu."

Wakaja. Shangazi akawapangia kazi kama wapalizi: kila mmoja mstari wake, maneno mia mbili, na chakula hakitoki mpaka mstari uishe. Mwenyekiti alitaka kufungua kikao kwa sala. Akaambiwa Mungu anasikia hata mtu akiwa na kazi mkononi. Mimi nilipewa kuku wa kunyonyoa, na huo ndio ulezi pekee niliowahi kuufanya kwa mikono. Mchuzi wa karanga ulipoanza kunukia, katiba ikasahaulika. Saa tisa mistari yote mitatu ilikuwa imekwisha, na muhuri ulikuwa umekalia karatasi zisipeperuke.

Tulipokwisha kula, fundi akaiingiza orodha kwenye simu ya shangazi. Kulikuwa na ujumbe wa mwanawe wa kwanza uliofika Alhamisi, naye shangazi alikuwa amekataa kumpa jirani ausome. Akabonyeza. Sauti ikatoka safi kama ya mtangazaji wa redio, na fundi alikuwa ameipandisha mpaka mwisho:

"Mama, Desemba nakuja na mchumba wangu. Ana mimba ya miezi minne. Usimwambie mtu."

Ng'ambo ya ua ufagio ukanyamaza. Kisha jirani akaita kwa upole, "Hongera, mama."

Nikanyoosha mkono haraka nipunguze sauti. Shangazi akauondoa, akabonyeza tena ujumbe uanze upya.

"Wacha asikie," akasema. "Leo mimi ndiyo nasikia wa kwanza."