Jiko Chini ya Kilima

Nilirudi nyumbani Mwazye mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na miezi michache tu katika kazi ya kupima miamba. Jiko la mama lilikuwa chini ya kilima, limeegemea mteremko. Nililizoea tangu utoto, lakini safari hiyo nilipanda kilimani juu yake nikakuta mwamba una nyufa tatu. Ufa mmoja ulimeza mkono wangu mpaka kiwiko.

"Mama, jiko tulihamishe."

"Hilo jiwe lilikuwepo kabla bibi yako hajaolewa," alijibu, akiendelea kupepeta ulezi.

Nilipima nyufa kwa kamba, nikaenda Sumbawanga mjini kwenye mtandao mzuri, nikapakua programu ya bure inayoigiza jinsi mwamba wenye nyufa unavyoporomoka. Watu wa nchi mbalimbali huiandika kwa kujitolea, na yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Siku mbili za kwanza mawe yangu yaliruka angani kama bisi. Nikauliza kwenye jukwaa lao la mtandaoni. Mtu nisiyemjua akanijibu kwa upole kwamba hatua za muda nilizoweka, yaani vipande vya muda ambavyo programu hukokotoa kimoja kimoja, ni ndefu mno. Nikazifupisha, mawe yakatulia.

Niliporudi, niliweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama akasogea. Kwenye skrini vipande vya mwamba vikaanza kuachana, vikateremka.

"Huo ni ulezi unamwagika," akasema.

"Ni mawe, mama. Ya pale juu."

Akatazama mpaka mwisho. "Na mimi niko wapi humo?"

Sikuwa nimemweka. Nikachora kisanduku mahali pa jiko, nikaendesha upya. Tulisubiri mpaka chai yetu ikapoa. Mawe yakashuka, yakakifunika kisanduku.

"Sisemi jiwe litaanguka mwaka huu, mama. Sijui. Nguvu ya mwamba nimeikadiria tu."

Akanishika goti. "Kumbe ndiyo maana huli tangu ufike."

Kesho yake asubuhi nilimkuta akibeba mafiga, moja moja, kuyapeleka upande wa pili wa ua. Nikachukua la mwisho.

Mvua zilikuja zikaisha. Hakikuanguka hata kijiwe. Nikiwa nimerudi kazini, nilimpigia simu kumwomba radhi kwa kumsumbua. Akacheka.

"Huku upande wa pili moshi hauniumizi macho," akasema, kisha akaniuliza kama niliko kuna baridi.