Bolti Niliyoikata kwa Mdomo

Mama yangu Nakaale na bwana yangu Kithinji hawajawahi kuangaliana usoni. Miaka minne wameishi kiwanja kimoja hapa Isiolo, ukuta wa mabati katikati, na hawajashikana mkono hata siku moja. Sio ugomvi, ni heshima. Kwetu Waturkana mwanaume hamzoei mama ya bibi yake, na Kithinji ni Mmeru aliyelelewa na watu wa heshima hiyo hiyo, kwa hivyo walielewana bila mkutano. Mama akisikia viatu vyake anaingia jikoni. Yeye akiona leso ya Mama anageuka ghafla, ati amesahau kitu dukani.

Maneno yao yote yanapitia kwangu. Na mimi Natabo nakiri mapema, sikuwa nayapitisha yote. Mama ana mdomo, aki. Kithinji alipomnunulia shuka Krismasi, Mama alisema, "Mwambie nimeliona. Ni fupi, labda nimfunike mbuzi." Nikamwambia Kithinji, "Mama amelia kwa furaha." Ungekuwa mimi ungefanyaje? Nyumba ilikuwa na amani, na hiyo amani niliipika mwenyewe. Niliogopa siku moja Kithinji asikie ule mdomo wenyewe, afunge nguo zake arudi kwao Meru.

Sasa, gari. Kithinji hubeba vitunguu kutoka mashamba ya Rapsu na kumletea Mwongera, mfanyabiashara wa hapa sokoni. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha, hatuna nyingine. Mwezi mzima gari ilikuwa inavuja oili juu ya injini, inateremka mpaka kwenye egzosi, lile bomba la moshi, inaungua. Vitunguu vikawa vinafika sokoni vinanuka moshi. Jumamosi Mwongera akachoka.

"Kithinji, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nataka kuona gari haitoi moshi," alisema. "Ikitoa, kazi nampa Denge."

Denge ni jirani yetu mwenye pikapu. Tangu siku hiyo akaanza kutusalimia kwa upole sana.

Fundi wetu Jumapili hafungui, lakini Kithinji alikuwa ameona video kwenye simu. Dakika nane tu. "Ni gasketi ya tapeti kava," akaniambia. "Hiki kifuniko cha juu ya injini. Mpira wake umekauka. Natoa, naweka mpya, nafunga. Hata wewe unaweza."

Tulipotoka kanisani akavaa suruali kuukuu, akafungua boneti. Akatoa koili zote nne, zile za kuwasha plagi, akafungua bolti kwa spana ya kumi, akagonga kifuniko polepole na mpini wa nyundo mpaka kikaachia. Mpira wa zamani ukatoka vipande vipande, mgumu kabisa. Alivyofurahi! Alinionyesha kila kipande.

Kitu ambacho hakujua ni kwamba mtu anayejua injini kwenye hicho kiwanja hakuwa yeye. Marehemu baba yangu, Lokuruka, aliendesha lori la mifugo kwenda Nairobi miaka mingi, na macho yake hayakuona vitu vya karibu. Mama alisafiri naye, mimi nikiwa mgongoni, na gari ikiharibika aliyeingia chini alikuwa Mama. Watu walimsifu Baba kwa ufundi. Baba alipokea sifa akanyamaza. Mama pia alinyamaza, lakini hakusahau. Na mimi sikuwahi kumwambia Kithinji. Mwanaume mwambie mama mkwe wake anamshinda kwa spana uone kama atalala.

Kwa hivyo Mama alikuwa jikoni, jicho moja kwenye tundu la msumari, na mimi mlangoni, katikati yao.

"Mwambie huyo wako afunike hapo juu na kitambaa," Mama akanong'ona. "Vumbi ya Isiolo ikiingia huko ndani nani ataitoa?"

"Kithinji, Mama anauliza kama unataka kitambaa," nikasema.

Akakichukua, akafunika.

"Mwambie apanguse mfereji wa gasketi mpaka ukauke. Anaacha mafuta, kwani anapika chapati?"

"Mama anasema hapo ukipangusa kidogo itapendeza."

Akapangusa. Mnaona? Mambo yalikuwa yanaenda. Gasketi mpya ikaingia kwenye mfereji, kifuniko kikarudi mahali pake. Kikabaki kukazwa.

Lakini Kithinji ni mtu wa kufunga magunia ya vitunguu. Kwake kitu kikifungwa, kimefungwa. Akachukua spana, akaivalisha kipande cha paipu ili apate nguvu, akaanza na bolti ya mwisho kabisa pembeni.

Mabati yakatetemeka. "Mwambie aache!" Mama akasema kwa meno. "Hiyo inakazwa na nguvu ya vidole viwili, unaanzia katikati ukienda nje! Anaikaza ni kama anafunga punda mwizi! Ataikata! Mjinga kabisa, na umwambie hivyo hivyo!"

Nikamwangalia bwana yangu. Jasho usoni, oili kwenye pua, anatabasamu. Sikuweza.

"Mama anasema unafanya vizuri sana," nikamwambia.

Akainua kichwa. "Amesema hivyo?"

"Amesema una mkono wa kazi. Endelea tu."

Shetani alikuwa mimi siku hiyo. Kithinji akavuta tena, kwa ile nguvu ya mtu aliyesifiwa.

Ta! Bolti ikakatika.

Kichwa cha bolti kikaanguka juu ya bampa, kikabingirika mpaka kwenye vumbi. Kithinji akakiokota, akaketi juu ya jerikeni ya maji. "Kazi imeenda," akasema. "Nimempa Denge kazi yangu." Sauti yake ilinichoma. Na huyo Denge, kwa bahati zake, akapitisha kichwa kwenye geti. "Majirani, kuna shida?" Nikamwambia hakuna, nikafunga geti.

"Natabo!" Hapo Mama hakunong'ona, mtaa mzima ulisikia. "Mimi nilisema nini? Si nilisema aache?"

Kithinji akanigeukia taratibu. "Wewe umesema nini?"

Woi. Nikasema ukweli wote, nikiangalia chini. Hata kabla nimalize, Mama akatoka jikoni, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi, koleo ya Baba mkononi. Kithinji akaruka, akatafuta pa kwenda, akaishia kulikumbatia tangi la maji akiwa ametupa mgongo.

"Wewe kijana," Mama akasema, akiiangalia injini. "Usigeuke."

"Sigeuki, Mama," Kithinji akaliambia tangi.

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza.

Mama akafungua kifuniko upya. Kile kipande cha bolti kilichobaki kilikuwa kimesimama nje. Akakibana na koleo, akakizungusha pole pole, na kwa kuwa hakikuwa kimebanwa na kitu tena, kikatoka bila matata.

"Imetoka," akasema.

"Asante Yesu!" tangi likajibu.

"Yesu hakushika koleo. Ni mimi Nakaale."

Akatoa bolti ya saizi hiyo kwenye kishikio cha nyaya ambacho, alisema, kilikuwa na bolti mbili kwa uroho tu. Kisha wakabadilishana nafasi, yeye akalitazama tangi na Kithinji akashika spana, bila paipu. Mama alikuwa anasikiliza. "Anza katikati. Kidogo. Nenda upande ule. Kidogo. Hapo! Acha."

"Mama," Kithinji akauliza akiwa ameinama, "lile shuka, ni kweli ulilia?"

"Nilie kwa nini? Ni fupi."

Nikashika kifua. Miaka minne nimeogopa dakika hiyo! Na Kithinji akacheka, akacheka mpaka akaweka spana chini. Mama naye mabega yakaanza kutikisika. Kusema kweli niliona wivu. Hakuna aliyeniuliza kitu tena mpaka injini ikawashwa, na moshi haukutoka.

Jumatatu alfajiri Mama akaingia kiti cha nyuma, uso dirishani. Ati anataka kuisikiliza injini kwenye barabara mbaya. Nilipofungua mlango niingie, akaniambia nibaki na mbuzi.

Saa nne Kithinji akapiga simu kutoka Rapsu. Mwongera alikuwa ameinama kwenye boneti, akanusa, akamtuma magunia ishirini. Nilikaa chini pale pale, nikashukuru Mungu kwa sauti. Nyuma yake nikamsikia Mama, wazi kabisa:

"Mwambie huyo muongo nikirudi nipate mbuzi hawajakunywa maji, nitamchapa viboko vyote nilivyomwekea akiba tangu akiwa mdogo!"

"Mama anasema nini?" nikauliza.

Kithinji akakohoa. "Anakusalimia sana. Anasema wewe ni mtoto mzuri."

Nikamwambia naye amsalimie sana, nikaenda kunywesha mbuzi.