Usukani Mpya wa Tarishi

Kila asubuhi tarishi wa boma hutema mate viganjani, akavipangusa kwenye kaptula, kisha akaukamata usukani wa pikipiki kama anayemshika fahali pembe. Usukani wa kwanza ulivunjika. Huu mpya, mpana, aliufua Matonya mhunzi kwa chuma kilichobaki kwenye ujenzi wa reli, naye mhunzi aliona aibu kila ulipomwangusha mwenzake. Kosa lilikuwa moja: tarishi hakuweza kupishana na mtu bila kuinua mkono kumsalimu, na usukani mpana vile haushikiki kwa mkono mmoja.

“Salimia kwa mdomo, ndugu yangu,” Matonya alimsihi siku moja alipoanguka tena.

“Wataniona nina kiburi.” Tarishi akajikung'uta vumbi magotini, akapanda tena. “Na Bwana Shauri, mkuu wetu wa boma, kasema nikianguka tena leo, narudi kutembea kwa miguu.”

Alikuwa ameshika kasi pale mama mkwe wake alipotokea kwenye kona, mtungi kichwani. Mama mkwe hapitwi ubavuni. Huachiwa njia nzima. Matonya akafumba macho. Alipoyafumbua, pikipiki ilikuwa imekata kushoto, ikazunguka kichaka cha miiba, ikarudi barabarani nyuma ya mama yule, na mtungi haukumwaga hata tone. Mikono ya tarishi haikubanduka usukanini. Kichwa tu ndicho kilichoinama, na tangu siku hiyo ndivyo anavyomsalimu kila mtu.