Debe Moja, Nyumba Mbili

Ukungu umelala juu ya michai na baridi ya Bomet inauma vidole. Elmina Bogonko, miaka thelathini na mmoja, amejifunga aproni ya plastiki, kikapu mgongoni, anachuma majani mawili na chipukizi bila kutazama mikono yake. Midomo inachezacheza.

"Chamgei," anauambia mchai ulio mbele yake. Ni salamu ya Kipsigis, lugha ya wenyeji wa hapa, na anaifanyia mazoezi hapa kwa sababu michai haicheki.

Elmina alitoka Nyamira Januari mwaka huu wa 1996, miezi michache baada ya kumzika mumewe. Binti yake Judy, wa miaka saba, alibaki kwa nyanya. Elmina alimwahidi kwamba shule zikifunguliwa mwaka ujao, watakuwa pamoja. Sasa ni Oktoba.

Kilo moja ya majani hulipwa shilingi mbili na nusu. Mwezi mzuri anapata kama elfu moja mia nane, na mwezi ukiisha pesa nazo zimekwisha. Halewi, hana anasa. Kinachomla ni upweke.

Katika laini, yaani safu za nyumba za wachumaji, akina mama hununua mahindi wawili wawili. Mmoja hamudu debe zima kwa mkupuo, wala hawezi kulibeba peke yake kutoka soko la Silibwet. Wawili hulibeba kwa zamu, wakagawana mlangoni. Asiye na mwenzake hununua unga kioskini, kilo moja moja, karibu kwa bei maradufu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa Elmina, haba na haba humaliza mshahara.

"Ukiwa peke yako kila kitu ni ghali," anasema. "Hata taa inawakia mtu mmoja. Na nikisonga ugali, mkono bado unapima ya watu watatu. Inabaki, naiangalia tu."

Mwenzake alikuwepo. Wiki ya pili tu, jirani yake Chepngeno, mzaliwa wa hapa, alimletea kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Wakapatana kununua debe pamoja mwisho wa mwezi. Elmina akanywa, akashukuru, kisha akafanya alivyolelewa: chombo cha watu hurudi kikimeta. Akakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka weusi wote wa ndani ukatoka.

Kumbe weusi ule ulikuwa mkaa wa mti maalum, uliopakwa mwaka baada ya mwaka. Ndio unaoipa mursik ladha yake.

"Mama Judy, umeosha na sabuni?" Chepngeno aliuliza akikinusa. "Hii ilikuwa ya mama yangu."

Akaingia ndani bila kugomba. Mwisho wa mwezi ulipofika, Elmina aliona haya kubisha, na Chepngeno hakumwita. Tangu hapo wanapishana bombani kwa "habari" na "nzuri", basi.

"Angenitukana ningeomba msamaha, yaishe," Elmina anasema. "Lakini alinyamaza. Sasa mimi nianzie wapi?"

Ameanzia sokoni. Jumamosi iliyopita alinunua kibuyu kipya kwa shilingi sitini, pesa zake za sukari. Kwa hiyo mchumaji wa chai anakunywa chai chungu mpaka mwisho wa mwezi. Anajua kibuyu hicho hakiwezi kuwa kile cha mama yake Chepngeno.

Atakipeleka Jumapili baada ya kanisa, na safari hii hajakigusa kwa maji. Atamwomba Chepngeno amfundishe kukipaka mkaa. La debe atalitaja mwisho, Mungu akipenda. Wakigawana, Judy atakuja na atakula. Wasipogawana, mtoto atabaki Nyamira.

Na mlango usipofunguliwa?

"Nitaacha kibuyu hapo nje," anasema. "Lakini hodi nitapiga."

Kisha anauinamia mchai mwingine. "Chamgei," anasema, na kuacha nafasi ya kujibiwa.