Mama mkwe anasema mume wangu haumwi kwa sababu hajalazwa

Admin, naomba unifichie jina vizuri, mawifi zangu wote wamo humu na midomo yao naijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nina watoto wawili, nauza mitumba Shanwe, hapa Mpanda. Mume wangu ni fundi pikipiki, na alikuwa mlevi wa kupindukia. Mwaka huu alikubali mwenyewe kutibiwa. Hakulazwa. Asubuhi anakwenda kliniki, anapewa dawa, anakaa na wenzake wenye shida kama yake wanaongea na mshauri, kisha anarudi gereji na jioni yuko nyumbani. Siku niliyoitwa, mshauri aliniambia, "Mama, sisi tunakaa naye masaa machache tu. Yanayobaki yote yuko na nyie, kwa hiyo wodi yake ni nyie." Nilitoa kila chupa ndani. Akaanza kula, akaanza kucheka na watoto. Nilimpata tena mume wangu.

Sasa sikieni kilichonichefua. Mama mkwe anaishi Kasokola, ana mashamba. Kule ukiwa na kazi kubwa unaita majirani wanakusaidia, halafu unawapa pombe uliyopika. Ila hawanywi mpaka mwenye nyumba aonje mbele yao, waone haina sumu. Baba mkwe alishafariki, kwa hiyo anayeonja ni mume wangu, mtoto wake mkubwa wa kiume. Wakati wa palizi nilimpigia mama mkwe mapema nikamsihi aonje shemeji, mdogo wake mume wangu. Akanijibu, "Mgonjwa gani analala na mke wake? Angekuwa anaumwa wangemlaza. Wewe unataka tu kumtenga na kwao."

Mume wangu akaenda, mama yake akampa kibuyu kizima. Jioni mume wangu aliletwa na bodaboda, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva asidondoke, watoto wangu wamesimama mlangoni wanaangalia. Kesho yake mama mkwe akapiga simu, wala hakuuliza mwanaye ameamkaje. Alisema, "Umeona hiyo kliniki yenu isivyosaidia?" Jamani, umnyweshe mwenyewe halafu uicheke dawa?

Mume wangu alirudi kliniki, akasema ukweli mbele ya wenzake. Hawakumfukuza, wakaanza naye upya, na tangu hapo hajagusa pombe. Juzi mama mkwe kapiga tena. Jumamosi watu wanakuja kuvuna mahindi, aende akaonje. Nikamwambia mume wangu asiende. Akageuzageuza spana mkononi, kisha akasema, "Mama watoto, nisipoonja watasema nimeiogopa pombe ya mama yangu. Hapo nitakuwa nimemtangaza mchawi."

Na kweli watasema hivyo, ndicho kinachoniuma zaidi. Ila nimechoka kuwa na adabu kwa mtu anayeniulia mume huku anaitwa mama. Nafikiria kwenda Kasokola Ijumaa nikalimwage pipa lake lote la pombe. Najua nikifanya hivyo kwao sikanyagi tena, na pengine hata ndoa inaishia hapo.

Nyie mlioolewa kwenye familia za namna hii, nishaurini kabla ya Ijumaa. Nikamwage hiyo pombe, au nikae mlangoni na wanangu tuisubiri bodaboda?