Ufa wa Nyumba ya Mama

Mdomo wangu ni mwepesi, najijua. Ukuta wa nyumba ya mama kule Kihagara ulipopasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, nilishuka kutoka Mbinga nikiwa nimeshavimba. Aliyeijenga ni kaka yangu, fundi. Nilimkuta hapo hapo kwa mama kwenye sala ya jumuiya, majirani wamejaa mkekani, na hata amina sikuisubiri iitikiwe vizuri.

"Saruji umeila, kaka! Umemjengea mama kwa mchanga mtupu!"

Akajibu kwa upole kwamba wiki ile ardhi ilitikisika, hata vyombo vilianguka kabatini. Nikacheka. "Nyie mafundi hamkosi visingizio." Akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa mama.

Mama alinipigia simu. "Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta." Mimi nikamtumia mfuko wa saruji! Kumbe mama kila Jumapili alikuwa anapika usipa, wale dagaa wa ziwani, anamwekea kaka sahani, naye kaka haji. Nilipokwenda likizo nikaiona ile sahani. Iliniuma sana, ila nikajikausha.

Kesho yake nikifagia uani niliona ufa umetoka nje ya nyumba. Nikaufuata. Ulipita kwenye mihogo, ukapasua choo cha jirani, ukateremka hadi ziwani. Lahaula! Nami ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nachora Bonde la Ufa ubaoni, nawaambia wanafunzi Ziwa Nyasa limo ndani yake, na asiyejua namkata alama.

Nikaenda kwa kaka na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, kaka. Nimegundua kosa si lako. Ni la ardhi."

Alikuwa anaosha mwiko wake wa kujengea, hakuinua macho. "Marahaba. Ardhi ndiyo iliyoniita mwizi?"

Kanisani najipiga kifua, nimekosa mimi, nimekosa sana, na ulimi haukwami hata kidogo. Pale ulikwama.

Alhamisi jumuiya ilisali tena kwa mama. Nilikuwa nimemtumia kaka ujumbe aje. Alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Sala ilipokwisha nikasimama mbele ya watu wale wale.

"Nilimwita kaka yangu mwizi," nikasema. "Hakuiba kitu. Mwenye kosa ni mimi."

"Sema kwa sauti," akasema kaka. "Siku ile ulipiga kelele."